Ulimi wa ghaibu: Dune katika masikio ya mtu wa Tanga

Shangazi yangu hakusubiri maandishi ya chini ya kioo yamfasirie. Umati wa watu wa jangwani ulipoanza kumwita yule kijana kwa sauti moja, Lisan al-Gaib, aliweka kikombe chake cha kahawa juu ya mkeka, akanigeukia na kuniuliza: "Huyu wamemfanya ulimi wa ghaibu. Ghaibu ya Mungu au ghaibu ya ng'ambo?" Nilisimamisha filamu, kwa sababu swali lile lilifika moja kwa moja mahali ambapo mimi na marafiki zangu tulikuwa tumepazunguka kwa miezi mingi bila kupafikia.

Filamu yenyewe ni sehemu ya pili ya Dune, iliyoongozwa na Denis Villeneuve na kutoka mwezi Machi mwaka 2024, miaka miwili na ushei baada ya sehemu ya kwanza ya mwaka 2021. Zote mbili zimetokana na riwaya moja ya Frank Herbert iliyochapishwa mwaka 1965. Kwa asiyeijua hadithi, inatosha kusema kwamba kuna sayari ya jangwa iitwayo Arrakis, ambako peke yake ndiko kunakopatikana kiungo ambacho bila hicho hakuna chombo kinachoweza kusafiri baina ya nyota. Ukoo wa Atreides unapewa sayari hiyo kuitawala, kisha unashambuliwa usiku na mahasimu wake, ukoo wa Harkonnen, kwa msaada wa siri wa mfalme mkuu mwenyewe. Kijana Paul Atreides na mama yake Jessica wananusurika na kukimbilia kwa wenyeji wa jangwa, Wafremen, ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakimngoja mkombozi atakayetoka nje ya sayari yao. Wasilolijua Wafremen wengi ni kwamba utabiri huo ulipandwa makusudi na jumuiya ya wanawake iitwayo Bene Gesserit, ambayo Jessica ni mmoja wao, ili siku moja mwanamke wa jumuiya hiyo akipatwa na shida katika nchi ya watu, akute imani iliyokwisha kuandaliwa kumpokea.

Sisi ni wanne tunaozungumza filamu. Mmoja ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, ambaye ameisoma riwaya ya Herbert mara tatu na huipenda kama mtu anavyoupenda msahafu wa ujanani mwake. Wa pili ni binamu yangu, fundi umeme, aliyekulia katika vibanda umiza vya Tanga, akitazama filamu za mapigano huku mtafsiri akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, na ambaye hajasoma ukurasa hata mmoja wa kitabu hicho wala hana nia ya kukisoma. Wa tatu ni dada mmoja tuliyesoma naye, ambaye huwa haongei mapema katika mjadala, lakini akishaongea wengine huona tabu kumjibu. Wa nne ni mimi. Tuliitazama sehemu ya kwanza katika kompyuta ya mwalimu, na sehemu ya pili tukasafiri hadi Dar es Salaam ili tuione katika ukumbi, na siku ile tulitoka mle ndani kila mtu akiwa na filamu yake.

Binamu yangu aliridhika kabisa, na nataka kumtendea haki kwa sababu maoni ya mtu ambaye hakusoma kitabu hudharauliwa bila sababu. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza ameona filamu ya sayari nyingine ambayo mchanga wake ni mchanga kweli. Ni kweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya jangwa lile lilipigwa picha Wadi Rum nchini Jordan na katika machuguu ya mchanga ya Abu Dhabi, na jua tunaloliona likiwachoma waigizaji ni jua halisi. Aliisifu pia ile sehemu ya uwanja wa mapambano katika sayari ya Harkonnen, ambapo kila kitu kimekuwa cheupe na cheusi kama mifupa. Mpiga picha, Greig Fraser, aliipiga kwa kamera iliyorekebishwa ili isome mwali usioonekana kwa macho ya binadamu, na ndiyo maana ngozi za watu mle zinang'aa kama nta. Kuhusu sauti hakuna aliyebisha kati yetu wanne, na muziki wa Hans Zimmer ulikwisha kupata tuzo ya Oscar kwa sehemu ya kwanza, kwa hiyo sitakaa hapo.

Ugomvi ulihusu mambo mawili, nao haujaisha hadi leo. La kwanza ni maneno, la pili ni Chani.

Nianze na maneno, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike. Mtu wa pwani aliyepita chuoni utotoni, akaketi mkekani mbele ya mwalimu na juzuu yake, hawezi kuisoma riwaya ya Herbert kama Mmarekani anavyoisoma. Herbert alitaka msomaji wake ahisi ugeni, na ugeni huo aliujenga kwa maneno ya Kiarabu na ya lugha nyingine, mengi akiyapindapinda matamshi. Mwishoni mwa kitabu aliweka faharasa ya maneno hayo. Mimi nilipoifungua faharasa ile kwa mara ya kwanza nilijikuta nimefika nyumbani kwetu, nikazunguka ndani nikiona vyombo vyetu vimepangwa mahali pengine. Kuna neno karama, ambalo pale linaelezwa kuwa ni muujiza. Kuna baraka, ambayo imekuwa jina la mtu mtakatifu aliye hai. Kuna aql, ambayo ni akili yetu, imegeuzwa mtihani wa kupima akili. Kuna adab, ambayo ni kumbukumbu inayomjia mtu yenyewe na kumdai kitu. Kuna hata ghafla, ambayo Herbert anasema ni hali ya kujiachia katika mambo ya upuuzi, na papo hapo nikakumbuka kwamba sisi wenyewe husema mtu ameghafilika, kwa hiyo maana ya zamani ya neno hili bado imelala ndani ya kinywa chetu ingawa kila siku tunalitumia kwa jambo la mara moja. Na pale Wafremen wanapoitikia dua zao, huitikia bi-la kaifa, na neno la kwanza la itikio hilo ni "bila" ile ile tunayoitumia tukiagiza chai bila sukari.

Mwalimu wetu aliwahi kuniambia kwamba haya ni mapambo tu. Sikubaliani naye, na mfano wangu mkubwa ni Stilgar. Huyu ni kiongozi wa Wafremen wa maskani iitwayo Sietch Tabr, mtu mzima, jasiri, mwenye busara, anayechezwa na Javier Bardem kwa upendo mwingi. Cheo chake ni naib. Herbert alilipata neno hilo, pamoja na mengine kadhaa, katika historia ya Imamu Shamil, aliyewaongoza watu wa milima ya Kaukasi kupigana na Warusi hadi aliposalimu amri mwaka 1859. Manaibu wa Shamil walikuwa wawakilishi wake katika wilaya. Katika riwaya, cheo hiki kinaelezwa kuwa ni cha kiongozi aliyeapa kwamba hatakamatwa akiwa hai, na msomaji wa Kiingereza anaishia hapo. Msomaji wa Kiswahili haishii hapo, kwa sababu anajua naibu ni nani. Naibu waziri yuko kwa sababu waziri yupo. Naibu ni mtu anayekikalia kiti kwa niaba ya mwenye kiti. Kwa hiyo tangu Stilgar anapotajwa kwa cheo chake, kabla Paul hajafika jangwani, Wafremen wamekwisha kukiri kwamba kiongozi wao bora kuliko wote anamshikia mtu mwingine nafasi. Mahali pa bwana pamekaa wazi, na aliye wa kwanza kufika akiwa na sura ya bwana atapakalia.

Ukilitazama hivyo, anguko la Stilgar katika filamu ya pili linakuwa na uchungu wa ziada. Anaanza akiwa mwalimu wa Paul, akimcheka kidogo, akimfundisha mambo ya jangwa. Kisha kila Paul anapofanya jambo, hata akikana kwamba yeye ndiye mtabiriwa, Stilgar anapata ishara mpya, kwa sababu imeandikwa kwamba mtabiriwa atakuwa mnyenyekevu. Katika ukumbi watu walicheka mara kadhaa, nami nilicheka nao mwanzoni. Baadaye, katika baraza kubwa la kusini, Stilgar anampa Paul roho yake, amwue ili apate haki ya kuzungumza mbele ya viongozi, na Paul anakataa. Hapo hakuna aliyecheka tena. Katika riwaya kuna mahali ambapo Paul anamtazama rafiki yake na kuona kwamba amekwisha kuwa mwabuduji, na anaona jinsi mtu yule alivyopungua. Villeneuve ameyachukua maneno hayo machache ya kitabu na kuyaeneza katika filamu nzima, juu ya uso wa mwigizaji mmoja. Kwangu mimi hiyo ni kazi safi kabisa ya kuigeuza riwaya kuwa picha, maana hakuongeza neno na hakupunguza maana.

Ndiyo sababu linaniuma kwamba pengine amepunguza. Katika kitabu, Paul anaandamwa tangu mwanzo na njozi ya jihadi itakayopiganwa kwa jina lake, na neno hilo limerudiwa mara nyingi. Katika filamu zote mbili neno hilo halimo, na mahali pake panazungumzwa vita vitakatifu. Naelewa hofu iliyosababisha uamuzi huo. Mwaka 1965 neno lile lilikuwa geni kwa msomaji wa Marekani, na mwaka 2021 lilikuwa limekwisha kubebeshwa mizigo mingi ya damu, na wapo Waislamu wengi ambao hawangependa kulisikia tena likitamkwa katika filamu ya vita. Lakini lugha yetu inafundisha jambo ambalo filamu imelikosa, kwa maana sisi tumelitwaa shina lile lile tukapata jihadi, tukapata juhudi, tukapata jitihada, na mtoto wa darasa la pili huandikiwa na mwalimu kwenye ripoti yake kwamba aongeze juhudi. Wafremen wa Herbert wana juhudi ya kweli. Wanakusanya maji tone kwa tone, kwa vizazi, katika mabwawa yaliyofichwa ndani ya miamba, ili siku moja jangwa liwe na majani. Juhudi hiyo ndiyo inayotekwa na Paul na kugeuzwa upanga. Neno moja linabeba safari nzima hiyo, na likiondolewa, tunabaki tukiona vita tu.

Hoja ninayoisikia mara nyingi kwa watetezi wa filamu ni kwamba hadithi inatokea miaka maelfu mengi baada yetu, na Kiarabu kisingeweza kudumu muda wote huo bila kubadilika, kwa hiyo lugha ya Wafremen katika filamu imetungwa upya na wataalamu, David Peterson na Jessie Peterson. Lugha waliyoitunga ni nzuri na nimeipenda kuisikia. Hoja yenyewe, hata hivyo, haiheshimu upande mmoja kama inavyoheshimu upande mwingine. Ukoo wa Atreides unaposhuka Arrakis katika sehemu ya kwanza, unapokewa kwa zumari za mfuko, zile za Uskoti, zikiwa hazijabadilika hata kidogo. Kichwa cha fahali aliyemwua babu yake Paul kimetundikwa ukutani kama katika nyumba ya wapenda fahali wa Hispania. Zumari zimeweza kuvuka maelfu ya miaka zikafika salama, lakini dua za jangwani zilitakiwa ziachwe njiani. Kadhalika waigizaji. Wapo wachache mno wenye asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini katika nafasi kubwa za filamu hizi, ambazo mavazi yake, sala zake, machozi yake na hata mchanga wake vimetoka kwao. Wengi wamelisema hilo kabla yangu, nami nalirudia kwa sababu linastahili kurudiwa hadi litakaposikika.

Hata hivyo yapo maneno yaliyobaki, na lililo kubwa kuliko yote ni lile lililomshtua shangazi. Katika faharasa ya Herbert, Lisan al-Gaib ni sauti itokayo ulimwengu wa nje. Kwa Kiarabu, ghaibu ni jambo lisiloonekana, jambo ambalo mjuzi wake ni Mungu peke yake, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Lakini Waswahili tulilichukua neno hilo tukalifanyia kazi ya pili. Ndugu aliyehamia Muscat au London tunasema yuko ughaibuni. Fedha anazotuma zinatoka ughaibuni. Kwetu sisi, kwa neno moja, asiyeonekana na aliye ng'ambo ni kitu kimoja, na sijui lugha nyingine ambayo ingeweza kumfafanua Paul Atreides kwa ufupi zaidi. Yeye ni mgeni kutoka ng'ambo aliyepokewa kama aliyetoka kwa Mungu. Shangazi aliuliza ghaibu ipi, na filamu nzima ni swali hilo hilo, kwa kuwa Wafremen wa kusini wanajibu kwamba ni ya Mungu, na Chani peke yake anajibu kwamba ni ya ng'ambo.

Hapo tunafika kwa Chani, na hapa ndipo mwalimu hunikasirikia. Katika kitabu, Chani ni mpenzi wa Paul, mpiganaji hodari, na anamwamini. Anamzalia mtoto, ambaye anauawa angali mchanga. Paul anapotangaza kwamba atamwoa binti wa mfalme kwa sababu za utawala, Chani anabaki pembeni yake kama suria, na maneno ya mwisho ya riwaya anayatamka Jessica, akimfariji kwamba wao wawili, wenye jina la masuria, historia itawaita wake. Katika filamu hakuna mtoto, kwa sababu matukio ya miaka yamebanwa ndani ya miezi, hata Alia, dada yake Paul, hajazaliwa bado na anazungumza kutoka tumboni mwa mama yake. Na Chani, anayechezwa na Zendaya, haamini. Anasema wazi kwamba ukitaka kuwatawala watu, waambie kwamba mkombozi anakuja, nao watakaa wakingoja karne kwa karne. Watu wote wanapopiga magoti mbele ya Paul, yeye anasimama, anageuka, anakwenda zake jangwani kumwita mnyoo wa mchanga, yule mkubwa ambaye Wafremen humpanda kusafiria, aondoke naye, na filamu inaishia usoni mwake.

Mwalimu husema kwamba huyo si Chani, ni mtu mwingine aliyepewa jina la Chani. Husema kwamba Herbert alikuwa na haki ya kuandika mwanamke mwenye imani, na kwamba imani ya Chani ndiyo inayofanya usaliti wa Paul uwe mzito, kwa kuwa anamsaliti mtu asiyemshuku. Hoja hii si nyepesi. Nimeifikiria mara nyingi, na yapo maeneo ya filamu ambayo yananifanya nimkubalie, hasa pale ambapo Chani anaonekana kama aliyetumwa kutoka zama zetu kuja kutueleza tufikiri nini.

Lakini kuna jambo lililompata Herbert mwenyewe ambalo mwalimu hulipita haraka. Aliandika kitabu cha kuonya watu dhidi ya viongozi wanaoabudiwa, na wasomaji wengi wakampenda kiongozi. Ilimbidi aandike riwaya ya pili, Dune Messiah, iliyotoka mwaka 1969, ili waone kile ambacho Paul alikisababisha. David Lynch alipoigeuza riwaya ya kwanza kuwa filamu mwaka 1984, alimaliza kwa mvua kunyesha Arrakis, yaani alimfanya Paul kuwa mungu kweli, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha kusudi la mwandishi. Kwa hiyo kufuata matukio peke yake kulikwisha kujaribiwa, na maana ikapotea. Villeneuve alihitaji mtu mmoja ndani ya hadithi atakayesema kwa sauti kile ambacho Herbert alidhani wasomaji watakisema mioyoni mwao. Alimchagua aliyekuwa karibu zaidi na Paul, na aliyekuwa na cha kupoteza.

Dada yetu ndiye aliyeleta mfano ulionikalia zaidi, na alimkabidhi mwalimu mfano huo kutoka katika somo lake mwenyewe. Alimkumbusha tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ambayo nayo ilichapishwa mwaka 1969, na ambayo mwalimu huifundisha. Sote tunaijua historia iliyo nyuma yake: Wajerumani waliowalazimisha watu wa kusini kulima pamba, Kinjeketile wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya dawa akiahidi kwamba risasi zitageuka maji, vita vilivyowaka mwaka 1905 na kuzimwa mwaka 1907 baada ya njaa kuua watu wengi kuliko bunduki. Tamthilia ya Hussein haimchukulii Kinjeketile kuwa mwongo wala kuwa mtume. Inamwonyesha akitambua kwamba neno alilolizaa limekua likamzidi nguvu, na kwamba watu wamelichukua na kwenda nalo vitani kabla yeye hajawapa ruhusa. Na Hussein, dada yetu alisema, hakumwacha Kinjeketile peke yake jukwaani. Aliweka pembeni yake Kitunda, mtu anayependa nchi yake sawa na wengine wote, asiyetosheka na maji, anayeuliza maswali ya mtu atakayewapeleka watoto wa wenzake mbele ya bunduki. Bila Kitunda, mtazamaji angechukuliwa na ngoma na maji kama walivyochukuliwa watu wa Rufiji na Umatumbi. Chani wa filamu, alisema, ni Kitunda wao.

Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Kisha akajibu, na jibu lake nalo ni la kweli: kwamba Kinjeketile ni mtu wa nchi ile ile, amezaa neno lake kwa uchungu wa watu wake, na mwishoni anakataa kulikana ingawa anateswa, kwa sababu anajua kwamba akikana, adui atawaambia wajukuu kwamba babu zao walikosea kupigana. Paul hakuzaa neno. Alilikuta limekwisha kupandwa na jumuiya ya mama yake, akalivaa kama joho. Tofauti hiyo, alisema, ndiyo inayomfanya Kinjeketile awe msiba wetu na Paul awe mtawala wa kigeni. Nilifurahi kuwasikiliza, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati yao aliyemshinda mwenzake, na mimi nilirudi nyumbani nikaichukua tamthilia ile na kuisoma yote usiku ule.

Nimeanza kuamini kwamba uaminifu kwa kitabu haupimwi kwa kuhesabu yaliyobaki na yaliyoondoka. Tulikuwa na mjadala wa namna hii pia juu ya Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 ambayo Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021, na binamu yangu alishangaa kwamba watu wazima wanaweza kukasirikiana kwa sababu ya ukurasa uliorukwa. Filamu ya saa moja na nusu, au hata ya saa mbili na dakika arobaini na sita kama hii ya Villeneuve, haiwezi kubeba riwaya nzima, na mwenye kuibeba analazimika kuchagua. Katika Dune, Alia mtoto anayemwua Baron Harkonnen hayumo, na Paul ndiye anayemwua. Thufir Hawat, mshauri mzee wa ukoo, hayumo katika sehemu ya pili. Mwanaume Shishakli amekuwa mwanamke, kama Liet-Kynes alivyokuwa mwanamke katika sehemu ya kwanza. Mambo hayo yote niliyasamehe kabla sijatoka ukumbini. Lile la lugha sijalisamehe, kwa sababu ni la namna nyingine. Mhusika akiondolewa, mtazamaji mpya hajui kwamba amekosa kitu, na hadithi inaweza kusimama. Maneno ya watu yakiondolewa huku nguo zao na mchanga wao vikibakishwa, watu hao wamebaki sura bila ulimi.

Na hata hivyo, usiku ule Tanga, neno moja lililobaki lilitosha. Baada ya shangazi kuuliza swali lake, niliendelea kumwonyesha filamu hadi mwisho. Alimhurumia Stilgar kwa muda wote, akisema mara mbili tatu kwamba mtu mzima yule ameharibiwa. Chani alipoanza kutembea kwenda zake jangwani, shangazi aliniuliza binti huyo anakwenda wapi, nami nikamwambia kwamba hapo ndipo filamu inapoishia, na nikamweleza jinsi ilivyo kitabuni: kwamba kule haondoki, anabaki, na mama mkwe wake anamwambia kwamba historia itamwita mke.

"Na yeye mwenyewe anasema nini?" aliuliza.

Nilikwenda kukichukua kitabu nikakisoma tena ukurasa ule wa mwisho, nikimtafsiria. Anazungumza Jessica. Chani anasikiliza, na kitabu kinafungwa.

"Basi hakuulizwa," alisema shangazi, akaanza kukusanya vikombe.

Filamu ya tatu, itakayotokana na Dune Messiah, imepangwa kutoka mwezi Desemba mwaka 2026. Katika riwaya hiyo Chani yuko tena pembeni ya Paul, miaka kumi na miwili baadaye, kana kwamba hakuna siku aliyompa mgongo, kwa hiyo Villeneuve atalazimika kumrudisha kutoka kule jangwani kwa njia ambayo Herbert hakuwahi kuiandika. Mwalimu anasema hataweza kufanya hivyo bila kuvunja ama filamu yake ama kitabu. Dada yetu anasema inategemea nani atakayemfuata mwenzake. Shangazi ameniomba nimwambie tarehe ikikaribia.